Jinsi ya Kuhakiki Toleo Moja la Komiki ya Kikosi cha Mashujaa: Mwongozo Kamili

Rasimu za uhakiki ninazoletewa na vijana wa Nakuru, Kisumu na Kakamega zinaugua ugonjwa mmoja. Aya ya kwanza inaeleza kikosi kilianza lini. Aya tano zinazofuata zinasimulia kisa kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Halafu inakuja sentensi moja ya kufungia: "Kwa jumla toleo hili ni zuri, nalipatia alama nane kwa kumi." Nane ya nini? Hakuna ajuaye, hata mwandishi mwenyewe ukimuuliza.

Chanzo chake kinajulikana. Ukikaa miaka minne ukijiandaa kwa Karatasi ya Tatu ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, unazoea kumthibitishia mtahini kwamba kitabu umekisoma. Unasimulia, unataja maudhui, unaorodhesha sifa za wahusika, unahesabu hoja. Msomaji wa uhakiki hakutahini. Anataka kujua jambo moja: kurasa hizi ishirini na kitu zimefanya kazi gani, na je, zimeifanya vizuri?

Hatua zote zilizo hapa chini zinatafuta jibu la swali hilo. Historia ya kikosi tuiache. Ipo kila mahali na haimsaidii mtu kuhakiki toleo la mwezi huu.

## Utakavyohitaji

Toleo lenyewe, zima, kutoka jalada hadi ukurasa wa mwisho. Picha tano ulizozikuta kwenye simu ya rafiki hazitoshi.

Matoleo mawili au matatu yaliyolitangulia. Huhitaji zaidi ya hayo.

Daftari la mistari, kalamu ya wino na penseli. Daftari, si programu ya simu, kwa sababu utachora jedwali na utarudi kulitazama mwezi ujao.

Skrini kubwa kiasi. Kama huna kompyuta wala tableti, soma mara ya kwanza kwenye simu, kisha nenda saiba ukasome mara ya pili. Saa moja inatosha.

Jioni mbili. Ya kwanza ya kusoma na kuhesabu, ya pili ya kuandika. Anayefanya yote kwa kikao kimoja huishia kusimulia.

Kuhusu njia ya kulipata: toleo jipya la Marekani huuzwa dola 3.99 au 4.99, yaani zaidi ya shilingi 500 hata kabla ya gharama ya kulisafirisha. Wengi wetu tunategemea huduma ya kulipia kwa mwezi. Ile ya Marvel, wachapishaji wa komiki wa Marekani, huweka matoleo takriban miezi mitatu baada ya kutoka madukani. Hiyo haina neno. Uhakiki wako hautakuwa wa kwanza duniani, kwa hiyo usishindanie kuwahi. Shindania kuona kile wengine hawakukiona. Zile nakala zinazozungushwa WhatsApp ziepuke. Mchoraji hapati chochote, na zaidi ya hapo kurasa huwa zimerukwa, rangi zimefifia, na wewe utamlaumu mtia rangi kwa kosa la mtu aliyepiga picha vibaya.

## Hatua ya 1: Soma mara moja bila kalamu

Toleo moja linasomeka kwa dakika kumi na tano hadi ishirini. Ukipanda matatu Nakuru mjini, unalimaliza kabla hujafika Njoro. Lisome kwa mkupuo mmoja, usisimame kutafuta nani ni nani.

Sababu ni kwamba mshtuko wa mara ya kwanza haurudi. Ukisoma mara ya pili unajua nani atasaliti, na jicho lako limeshabadilika. Unahitaji kumbukumbu ya jicho la kwanza.

Onyo. Programu nyingi za kusomea komiki zina namna ya kuonyesha fremu, yaani kisanduku cha picha, moja moja, ikikuza kila moja ijaze skrini. Izime. Mchoraji hakuchora fremu, alichora ukurasa. Fremu ndogo iliyobanwa kwenye kona ilibanwa makusudi, na fremu inayokula nusu ya ukurasa ilipewa ukubwa huo kwa sababu. Namna hiyo ya kukuza inazifanya zote zilingane, na nusu ya kazi ya mchoraji inapotea bila wewe kujua. Geuza simu ilale kwa ubavu ukifika kwenye kurasa mbili zilizochorwa picha moja.

Ukimaliza, kabla hujafanya chochote, andika sentensi tatu. Nilisimama wapi kutazama? Niliruka wapi? Nilichanganyikiwa wapi?

Utajua umefaulu kama kila sentensi ina nambari ya ukurasa. "Nilichanganyikiwa kwenye vita" haisaidii. "Ukurasa wa 11 sikujua nani amempiga nani" inasaidia sana, utaona mbele.

## Hatua ya 2: Litambue toleo

Kazi hii ni ya dakika tano. Andika jina la mfululizo, nambari ya toleo, na majina yote ya waliolitengeneza: mwandishi, mchoraji, mtia wino kama si mchoraji mwenyewe, mtia rangi, mwandika herufi, mhariri.

Angalia nambari kwa makini. Marvel wamezoea kuanzisha mfululizo upya kutoka nambari 1, kwa hiyo kwa X-Men, kikosi chao mashuhuri, kuna nambari 1 ya mwaka 1963, kuna ya 1991, na kuna nyingine kadhaa baada ya hapo. Siku hizi majalada yao mengi hubeba nambari mbili, ya mfululizo wa sasa na ile inayojumlisha matoleo yote tangu mwanzo. Msomaji wako akienda kutafuta toleo ulilolihakiki, asipotee kwa sababu hukutaja mwaka.

Jalada nalo ni mtego. Mara nyingi mchoraji wa jalada si mchoraji wa ndani, na toleo moja linaweza kutoka na majalada manne ya wasanii wanne. Nimesoma rasimu zinazosifu "michoro ya kuvutia" halafu mfano pekee uliotolewa ni jalada. Hiyo ni sawa na kusifu hoteli kwa ubao wake wa matangazo.

Na mhariri asiachwe. Katika X-Men nambari 137 ya Septemba 1980, Jean Grey, mmoja wa mashujaa wa kikosi, anakufa. Mwandishi Chris Claremont na mchoraji John Byrne walikuwa wamepanga mwisho mwingine. Mhariri mkuu, Jim Shooter, ndiye aliyekataa Jean, aliyekuwa ameangamiza sayari nzima yenye watu, aachwe bila adhabu nzito. Kifo ambacho wasomaji wanakihesabu kati ya vikubwa katika komiki kilitokana na mabishano ofisini. Kwa hiyo usiandike "mwandishi aliamua" kwa kila kitu. Andika "toleo linaamua", isipokuwa kama unajua hakika ni nani.

## Hatua ya 3: Hesabu

Hapa ndipo komiki ya kikosi inapotofautiana na ya shujaa mmoja, na hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi.

Fikiria hesabu yenyewe. Toleo la kawaida lina kurasa 20 hadi 22 za hadithi. Ukurasa una fremu tano hivi. Hiyo ni fremu mia moja kwa jumla. Kikosi kina watu saba. Toa fremu za adui, za mandhari, za raia wanaokimbia. Kila shujaa akigawiwa sawasawa atapata kurasa mbili na nusu. Mbili na nusu! Haiwezekani kumjenga mtu kwa nafasi hiyo mara saba. Mwandishi lazima achague nani apewe na nani anyimwe, na uchaguzi huo ndio siasa ya kila toleo la kikosi. Ukiuona, umeuona uti wa mgongo wa kazi nzima.

Chora jedwali lenye safu tatu mbele ya jina la kila shujaa: anaonekana, anasema, anaamua.

Safu ya kwanza, weka kijistari kwa kila fremu anayoonekana uso au mwili. Kisigino kwenye kona usikihesabu.

Safu ya pili, kijistari kwa kila fremu anayosema neno, au ambayo kisanduku cha mawazo ni chake.

Safu ya tatu ni ngumu zaidi. Weka kijistari pale tu anapofanya uamuzi unaobadilisha kinachofuata. Kutii amri si uamuzi. Kurusha ngumi si uamuzi, isipokuwa kama aliambiwa asirushe.

Nikupe mfano. Toleo hili nimelitunga hapa ili tufanyie mazoezi, usilitafute dukani. Kikosi kina watu sita: Kiongozi, Mrukaji, Fundi, Jitu, Mganga na Mgeni aliyejiunga mwezi uliopita. Kurasa 20, fremu 98. Wanavamia ghala kumwokoa mateka, wanakuta mateka ndiye adui.

Kiongozi anaonekana mara 41, anasema mara 30, anaamua mara 0.

Mgeni anaonekana mara 33, anasema 18, anaamua 2.

Mrukaji 22, 9, 1. Fundi 19, 14, 1. Jitu 12, 2, 0.

Mganga anaonekana mara 4, anasema mara 0, anaamua mara 1.

Ukitazama safu ya kwanza peke yake utaandika kwamba Mganga amesahauliwa. Wengi wangeandika hivyo. Lakini tazama ile moja ya safu ya tatu. Ukurasa wa 13, chini kabisa, fremu nyembamba: adui amelala anavuja damu, Mganga amenyoosha mkono kumponya, na katika fremu inayofuata mkono umerudi kifuani. Hakuna kiputo cha maneno hata kimoja. Rangi ya chungwa iliyotawala ukurasa mzima imegeuka kijivu kwenye kiganja chake tu. Kurasa saba zilizobaki zote zinatokana na mkono ule.

Na Kiongozi? Mtu wa fremu 41 na usemi 30 hajaamua lolote. Anaeleza mpango, anaurudia, anawatia moyo wenzake, anaeleza kilichotokea. Huyo si kiongozi, ni msimulizi aliyevishwa joho.

Umeona? Idadi haihukumu. Inakuonyesha mahali pa kuuliza. Huenda mwandishi amekusudia kiongozi mwenye maneno mengi asiye na uamuzi, na toleo lijalo litamwangusha kwa sababu hiyo. Huenda ameishiwa mbinu za kueleza mambo. Kazi yako ni kusema ni lipi kati ya hayo toleo linakupa sababu ya kuamini.

Onyo. Kikosi kikigawanyika makundi mawili au matatu, usimhukumu aliyepata fremu chache kabla hujaangalia toleo lililopita. Waandishi wazoefu hupokezana: huyu mwezi huu, yule mwezi ujao. Ndiyo maana ulitakiwa kuwa na matoleo mawili ya nyuma. Lakini shujaa akikaa matoleo matatu mfululizo bila kijistari kwenye safu ya tatu, huyo ni pambo, na una haki ya kusema.

Utajua umefaulu kama jedwali limekushtua angalau mara moja. Lisipokushtua, rudia kuhesabu safu ya tatu, maana huenda uliwatia vijistari kwa mazoea ya kuwapenda.

## Hatua ya 4: Soma ukurasa kama ukurasa

Wanaohakiki kwa Kiswahili hujificha hapa nyuma ya "michoro ni safi" na "rangi zinapendeza". Huhitaji kujua kuchora ili uepuke hilo. Unahitaji majaribio manne.

Jaribio la kugeuza. Katika nakala ya karatasi, ukurasa wa 1 uko kulia. Wa 2 na wa 3 hutazamana, wa 4 na wa 5 vilevile. Kwa hiyo jambo la kushtua huwekwa kwenye ukurasa wa shufwa, ili msomaji alazimike kugeuza ndipo alione. Likiwekwa kwenye ukurasa wa witiri, jicho huliona pembeni kabla ya wakati wake. Matangazo yakiingizwa katikati huvuruga mpangilio, lakini jaribu hata hivyo: tafuta mshtuko mkubwa wa toleo uone umekaa wapi, na fremu ya mwisho ya ukurasa uliotangulia inakusukuma vipi ugeuze. Kwenye simu ujanja huu haupo kabisa, na ni jambo linalostahili sentensi moja katika uhakiki wako ikiwa wasomaji wako nao wanasomea kwenye simu.

Jaribio la kuziba maneno. Chukua ukurasa wa vita, funika viputo kwa vidole au kwa karatasi. Je, bado unaelewa nani yuko wapi na nani amempiga nani? Mtu aliyekuwa kushoto akihamia kulia bila sababu, jicho linapotea. Rudi kwenye ile sentensi yako ya hatua ya 1, "ukurasa wa 11 sikujua nani amempiga nani". Sasa unaweza kusema kwa nini.

Jaribio la rangi. Uliza rangi inafanya kazi gani, usiishie kuona kama inapendeza. Je, mbinu rejeshi imepakwa rangi tofauti ili ujue umerudi nyuma bila kuambiwa? Je, kila eneo la vita lina rangi yake, ili kikosi kilichogawanyika kisikuchanganye? Katika mfano wetu, kijivu cha kiganja cha Mganga kimefanya kazi ambayo aya nzima ya maneno isingeifanya.

Jaribio la herufi. Mwandika herufi akifanya kazi yake vizuri humwoni. Angalia kama ulisoma kiputo cha pili kabla ya cha kwanza mahali fulani, kama mkia wa kiputo unaelekea kwa msemaji, na kama visanduku vya mawazo vya mashujaa mbalimbali vimetofautishwa kwa rangi au umbo. Katika komiki ya kikosi hili ni jambo kubwa, kwa kuwa watu watatu wanaweza kuwaza ndani ya ukurasa mmoja. Tom Orzechowski aliandika herufi za X-Men za Claremont kwa miaka mingi, na Claremont alikuwa mtu wa maneno mengi mno. Kwamba kurasa zile zinasomeka, shukrani nusu ni zake.

Usiyaandike yote manne. Chagua ukurasa mmoja, ule uliosimama kuutazama mara ya kwanza, na uueleze kikamilifu.

Utajua umefaulu kama mtu asiyeliona toleo anaweza kuchora mpangilio wa ukurasa huo kwa kusikiliza maelezo yako. Mjaribu ndugu yako nyumbani. Akichora fremu nne na wewe ulimaanisha sita, andika upya.

## Hatua ya 5: Panga nyuzi

Komiki ya mfululizo haiishi. Claremont aliandika X-Men tangu 1975 hadi 1991, na uzi mmoja wa kisa ungeweza kuonekana fremu mbili mwezi huu, ukapotea, ukaibuka baada ya mwaka. Kuhukumu toleo kama riwaya iliyokamilika ni kulionea. Kulisamehe kila kitu kwa sababu "litaendelea" ni kumwonea msomaji.

Kwenye ukurasa mpya wa daftari andika makundi matatu: nyuzi zilizofungwa katika toleo hili, zilizosogezwa, na zilizoanzishwa. Uzi mmoja, mstari mmoja.

Kipimo changu ni hiki. Toleo zuri hufunga kitu kimoja, hata kidogo. Ugomvi wa wawili ukaisha. Siri moja ikatoka. Toleo ambalo limesogeza nyuzi sita na halijafunga hata moja ni ukumbi wa kusubiria, na mtu ametoa zaidi ya shilingi 500 kukaa humo.

Ikiwa toleo ni sehemu ya kisa kikubwa kinachopita katika mifululizo kadhaa, liseme katika aya yako ya kwanza. Msomaji anapaswa kujua mapema kwamba akinunua hili atalazimika kutafuta mengine matatu. Binafsi visa hivi vinanichosha, lakini chuki yangu haihusiani na kama sehemu hii moja imeandikwa vizuri. Tenganisha.

Taharuki ya ukurasa wa mwisho ipime kwa swali moja: je, ingewezekana bila kurasa zilizotangulia? Adui mpya akitokea mlangoni kutoka popote, hiyo ni kelele. Mganga akiulizwa "kwa nini hukumponya?", hiyo ni taharuki iliyolipiwa tangu ukurasa wa 13.

## Jicho la kwetu, litumike kwa kipimo

Storm, mmoja wa wanakikosi mashuhuri wa X-Men, aliletwa mwaka 1975 na Len Wein na Dave Cockrum katika toleo kubwa la pekee lililokisuka kikosi upya. Mama yake, N'Daré, anatajwa kuwa binti wa kifalme kutoka Kenya. Anapotafutwa ajiunge na kikosi, anakutwa hapa Kenya, wenyeji wakimwabudu kama mungu wa mvua.

Mhakiki wa Nakuru ana la kusema hapo ambalo mhakiki wa Chicago hana. Wenyeji gani hao? Wanasema lugha gani? Jina N'Daré lenye alama zake za Kifaransa limeokotwa kwa nani? Mvua ya nchi hii ina wenyewe: kule Vihiga, Banyore wana ukoo unaojulikana kwa kazi ya kuleta mvua, na kazi hiyo ina masharti, urithi na heshima yake. Ukiweka hilo kando ya kile kijiji kisicho na jina, msomaji anaona pengo bila wewe kupiga kelele.

Onyo. Fanya hivyo toleo lenyewe likigusa jambo hilo. Kama Storm amepewa fremu tano juu ya ghorofa za New York akirusha radi, usimburute hadi Vihiga ili uonekane mzalendo. Rudi kwenye jedwali: je, aliamua lolote?

## Hatua ya 6: Andika hukumu kabla ya uhakiki

Jioni ya pili. Fungua daftari, komiki iache imefungwa.

Andika sentensi moja yenye sehemu mbili: toleo limefanya nini, na kwa gharama ya nini. Kwa mfano wetu: "Toleo la 14 linampa Mganga tendo moja lenye nguvu kuliko hotuba zote za Kiongozi, lakini linamfanya msomaji avumilie hotuba hizo kurasa kumi na mbili kabla ya kulifikia."

Sentensi hiyo inaweza kubishiwa. Mtu anaweza kusema hotuba zile zinahitajika ili ukimya wa Mganga uwe mzito. Vizuri, na abishe. "Toleo ni zuri" haliwezi kubishiwa, kwa hiyo halina maana.

Ukishindwa kuiandika, tatizo haliko kwenye Kiswahili chako. Rudi hatua ya 3.

## Hatua ya 7: Andika

Lenga maneno 600 hadi 800. Anza na hukumu, usianze na mwaka kikosi kilipoundwa.

Kisa kisizidi robo ya uhakiki. Tazama tofauti. Hii ndiyo aya ninayoletewa:

*"Kikosi kinafika kwenye ghala. Kiongozi anawaeleza mpango. Wanaingia ndani na kuanza kupigana. Jitu anaanguka. Mganga anakataa kumponya adui. Kisha wanagundua kwamba mateka ndiye adui."*

Na hii ndiyo ninayoitaka:

*"Nusu ya kwanza ni sauti ya Kiongozi. Anaeleza mpango mlangoni, anaueleza tena ngazini, na Jitu anapoanguka anatueleza kwamba Jitu ameanguka. Kisha, chini ya ukurasa wa 13, mkono wa Mganga unarudi kifuani bila neno, na kwa mara ya kwanza mpango haupo."*

Kisa ni kilekile. Katika aya ya pili kila tendo limebeba hukumu.

Kuhusu kufichua: theluthi ya kwanza ya toleo simulia bila hofu, hadi ukurasa wa 7 hivi. Baada ya hapo taja mahali na uzito, usitaje jambo. "Pigo la ukurasa wa 15" linatosha. Ikiwa hukumu yako haiwezi kusimama bila kufichua, weka tahadhari juu kabisa kwa herufi zinazoonekana. Mimi ningefichua tendo la Mganga kwa tahadhari, na nisingefichua kwamba mateka ni adui. La kwanza ndilo kiini cha hoja yangu, la pili ni raha ya msomaji.

Taja wasanii ndani ya hoja, usiwarundike mwishoni kama orodha ya wachangiaji wa harambee. Unapozungumzia kijivu cha kiganja, mtaje mtia rangi hapohapo.

Alama za kumi kwa kumi mimi siziweki. Ukiziweka, msomaji ataruka maneno yako yote aende kwenye nambari.

## Hatua ya 8: Kagua

Soma kwa sauti. Ukiishiwa pumzi katikati ya sentensi, ikate.

Hakikisha majina ya mashujaa yameandikwa kama yalivyo kwenye komiki. Usitafsiri jina la mtu. Hakikisha kila sifa na kila lawama ina nambari ya ukurasa au fremu nyuma yake, hata kama hukuitaja. Futa "kwa jumla", "bila shaka" na "ni dhahiri kwamba" popote zilipo.

Mwisho, rudi kwenye daftari. Fungua ukurasa mpya, andika nambari ya toleo lijalo juu, na chini yake nakili zile nyuzi zilizosogezwa na zilizoanzishwa, pamoja na majina ya mashujaa ambao safu yao ya tatu imebaki sifuri. Toleo jipya likifika, hao ndio wa kuwaangalia kwanza.